Ndiyo ya Wakili

Athene, 4 Juni 1975

Wifi Nunziata,

Usishtuke ukiona stempu ya Ugiriki. Mimi mzima, kaka yako mzima, na njia hatujapotea. Yeye ndiye aliyeichagua. Miaka ishirini sijakanyaga Montevarra, na mwanamume huyu anasema haiwezekani turuke juu ya Athene bila kushuka tukaone marumaru. Nikamwambia marumaru unayakanyaga kila siku kazini kwako Melbourne. Akanijibu, "Yale ni wanafunzi, haya ndiyo walimu." Fundi sakafu ukimgusia sakafu ni kama umemtajia mama yake.

Basi leo tumepanda kule juu kwenye mahekalu. Watu wote wameinua vichwa wanatazama nguzo, Fortunato wangu kainama anapapasa mawe ya chini kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaniambia nivue viatu nisikie jinsi yalivyolainika. Nikavua. Nilifurahi, usinicheke. Miaka yote hii nimekuwa nikimsikia akisifu kazi za watu waliokufa zamani, na leo ndiyo nimeelewa anachosema.

Ila ana tabia mpya, sijui kaitoa wapi. Kila kanisa tunalopita, hata kale kadogo kenye mshumaa mmoja, lazima tusimame mlangoni. Anamkamata mpita njia, anampa kamera, halafu ananiambia nimshike mkono. Kusimama kando yake hakutoshi, anataka nimshike mkono na nitazame mbele. Mahekalu yamepata picha moja. Milango ya makanisa imemaliza mkanda mzima, na miguu yangu imevimba.

Na kinyozi bado hamtaki. Jana kajikata tena kidevuni, akazunguka Athene nzima na kipande cha karatasi kimegandia damu. Unajua tangu lini anajinyoa mwenyewe? Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Hajui, na hajifunzi.

Wiki ijayo tunapanda meli mpaka Brindisi, na kutoka hapo hadi kwenu ni siku moja tu. Mwambie Mama aahirishe kufa kidogo, aningoje. Shemeji Bruno atupokee stesheni, mizigo ni mingi. Niandikie posta ya Brindisi.

Wifi yako mchokozi,
Saveria


Montevarra, 10 Juni 1975

Wifi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kitandani kwa Mama. Aliposikia umemwambia aahirishe kufa, akakaa kitako akaomba supu. Anakujibu hivi: "Mwambie mke wa mwanangu nilianza kufa yeye akiwa bado anang'oa meno ya utoto, na nitamaliza nitakapopenda." Kwa hiyo yuko salama. Lakini ukifika mkute amelala, jifanye umeogopa, vinginevyo atanuna.

Bruno kafunga duka lake la kunyolea siku mbili nzima, kawapakia chumba chokaa. Wateja wanazunguka kijijini na ndevu kama watawa. Kitanda kakikaza mwenyewe, maana nilimkumbusha kwamba kaka yake si mwembamba tena kama alivyoondoka. Picha uliyotutumia Krismasi tumeiona. Unamlisha nini huko, mwenzangu?

Mambo ya picha za makanisani sikushangai kuyasikia, Fortunato tangu mtoto ni mtu wa kung'ang'ania jambo bila kusema kwa nini. Lakini mwambie kwetu pia kuna kanisa, na lina mlango.

Saveria, fanya haraka. Kuna jambo linawasubiri nyinyi wawili, na si la kuandika kwenye karatasi, kwa sababu mpeleka barua wetu hufungua bahasha kwa mvuke wa sufuria. Usimuulize Fortunato, hajui. Wewe mlete tu.

Wifi yako anayekusubiri mlangoni,
Nunziata


Venisi, 19 Juni 1975

Nunziata wangu,

Najua. Ukiona neno Venisi hapo juu utairusha barua hii motoni. Isome kwanza.

Brindisi tulifika salama, barua yako nikaichukua posta, nikamsomea yale ya kusomeka. Akacheka kuhusu Mama, akacheka kuhusu kitanda. Siku iliyofuata akanipeleka Otranto, karibu tu hapo, kuona sakafu ya kanisa kuu. Wifi, ile sakafu hata mimi nisiyejua kitu ilinikalisha chini. Mti umeenea kanisa zima, umejaa wanyama na watu, na shina lake limebebwa na tembo wawili. Aliyewatengeneza nadhani tembo alihadithiwa tu. Fortunato akaniambia, "Huyu alikuwa na wasaidizi, na mmoja wao alikuwa mvivu, tazama pale." Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilitazama na sikuona uvivu wowote. Picha ya mlangoni tulipiga, bila shaka.

Jioni, tunakula samaki, nikasema tu kwa furaha yangu, "Kesho saa kama hizi Bruno atakuwa anatupokea." Akaweka uma chini. Akasema, "Bruno kashazoea kunipokelea." Kisha akaomba bili. Asubuhi kaniamsha, tiketi ziko mkononi, za Venisi. Nusu ya Italia, Nunziata, kwa upande mwingine kabisa. Nikamuuliza kama amepagawa. Akasema sakafu ya kanisa la Mtakatifu Marko ina mawimbi, ameisikia tangu alipokuwa mwanafunzi, na hawezi kufa bila kuiona. Familia yenu mnapenda kufa.

Ni kweli ina mawimbi. Unatembea kama uko melini. Amezunguka humo siku mbili ananieleza kuhusu vigingi vya mti na matope yaliyo chini, ananifurahisha kwelikweli, kisha nikitaja Montevarra anakuwa bubu. Nimewahi kumwona hivi mara moja tu, zamani sana, na sikujua sababu wakati ule pia.

Hilo neno la kunipokelea limenikaa. Najiambia alimaanisha mizigo.

Kutoka hapa anataka Siena. Nimekubali, ila nimemwambia Siena ndiyo kituo cha mwisho kabla ya nyumbani. Niandikie posta ya Siena, na hilo jambo lenu liandike, mvuke au bila mvuke. Siwezi kumvuta mtu kwa kamba nisiyoiona.

Saveria


Montevarra, 27 Juni 1975

Saveria,

Bruno alikwenda stesheni siku tatu mfululizo na shati la Jumapili. Siku ya nne akafungua duka akanyoa watu bila kuongea. Mimi nimekasirika na naandika nikiwa nimekasirika, na mpeleka barua asome mpaka achoke, kijiji kizima kinajua isipokuwa mume wako.

Bruno anataka kuoa. Ndiyo, Bruno wetu, miaka arobaini na miwili. Anamtaka Agata wa tanuri la mkate, mjane, mtu safi, ana mikono ya kazi na hana maneno. Kila asubuhi anakwenda kununua mkate ambao hatuuhitaji. Nyumba ina mikate ya kulisha kikosi cha askari, kuku wetu wamenenepa wanashindwa kuruka. Miaka mitatu ananunua mkate, wifi yangu wewe, na neno la pili hajalitamka. Agata kamwambia mwenyewe, mbele ya tanuri: mpaka sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti. Ikipita kimya, anakwenda Torino kwa dada yake na hatarudi.

Kinachomzuia ni nini? Unajifanya umesahau, basi nikukumbushe. Mwaka ule Fortunato yuko Australia, mkataba wa kazi umemshika, na wewe hupewi karatasi za kumfuata mpaka uwe mkewe. Bruno akasimama kuwa wakili wake altareni, kama walivyosimama kaka na wajomba wa nusu ya vijana waliotoka mkoa huu. Gauni nilikushonea mimi. Viatu Bruno aliviazima kwa mjomba, vikambana mpaka akapauka. Akafundishwa la kusema: "Mimi, Bruno, kwa niaba ya kaka yangu Fortunato, ndiyo." Wiki nzima alilirudia huku ananoa wembe. Padri alipouliza, yakaanguka yale ya katikati. Akasema, "Mimi, Bruno, ndiyo." Kanisa zima likaangua kicheko, wewe ukawa mwekundu, padri mzee masikio yake yalishika ile ndiyo tu akaendelea. Na mimi na wewe tukala kiapo kule jikoni kwamba neno hili halitavuka bahari.

Mama hajacheka mpaka leo. Anasema ndiyo ile ilikuwa ya Fortunato, ikakwama mdomoni mwa Bruno, na mtu hawezi kutoa ndiyo yake wakati ana ya mwenzake. Baraka hatoi mpaka mwenye neno aje alichukue: nyinyi wawili msimame palepale, Fortunato aseme kwa kinywa chake. Padri mpya, kijana wa Cosenza, alisema ndoa yenu ni halali tangu siku ile na anachoweza kutoa ni baraka tu. Mama akamwambia aiite atakavyo, mradi afungue mlango.

Sasa unajua. Utamwambia vipi mumeo hilo ni shauri lako, lakini mwambie. Sikukuu iko karibu kuliko nyinyi.

Nunziata


Siena, 2 Julai 1975

Wifi,

Alijua.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Tulikwenda kanisa kuu jana asubuhi. Ametoka upande wa pili wa dunia kuja kuona sakafu ile, kwa sababu anasema ndiyo bora kuliko zote, na tumekuta wameifunika mbao. Huifunua kwa majuma machache tu mwishoni mwa kiangazi, wanaihifadhi. Kila fundi Italia analijua hilo, na mume wangu kalisahau kwa kukaa mbali. Akasimama juu ya zile mbao kama mtu aliyefika harusini siku si yenyewe. Nikaona ana huzuni tayari, nyingine itapita pamoja nayo. Nikamkalisha kwenye ngazi za nje nikamsomea barua yako neno kwa neno, hata kuku.

Nilipofika pale kwenye "Mimi, Bruno, ndiyo," akaitamka yeye kabla yangu. Akatazama uwanjani akaniambia aliambiwa mwaka ule ule niliofika, na kinyozi wa Melbourne, mtu wa kijiji cha jirani na chenu, huku anamnyoa. Amempaka sabuni mpaka machoni, amemwekea wembe shingoni, anamsimulia kama kichekesho: "Kumbe mkeo ana waume wawili, bwana." Na wote waliokuwa wamekaa wakisubiri zamu wakacheka. Hakuweza hata kuinuka. Tangu siku hiyo kinyozi hakumwona tena. Na mimi miaka ishirini namwita bahili.

Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema, "Na wewe mbona hukuniambia?" Swali lilikuwa zuri. Nilimficha ili asiumie, naye alinificha ili nisijue kwamba ameumia, na tukalea watoto wawili na kujenga nyumba juu ya hilo. Nyumba imesimama vizuri, sikatai. Kisha nikauliza kuhusu picha. Akasema picha ya harusi yetu iliyo ukutani kwa mama yake ina mimi na mtu mwingine, na yeye hana hata moja aliyosimama na mimi mlangoni pa kanisa, nimemshika mkono. Wifi, nimelalamikia miguu yangu toka Athene. Nililia pale pale kwenye ngazi, na watalii wakatupiga picha.

Lakini kuja, hataki. Anasema hawezi kuingia kijijini wazee wakatazamana wakikumbuka, na hawezi kumtazama Bruno usoni bila kujiuliza kama lile lilikuwa kosa au lilikuwa neno lake la kweli. Anasema tutakwenda Roma, tupande ndege.

Nikamwambia hivi, nami sikupandisha sauti: "Fortunato, mimi nitakaa hapa mpaka wiki ijayo iishe, kisha nakwenda Montevarra na wewe au bila wewe. Bruno anaoa, na mimi nasimama pale mama yako anapotaka nisimame. Usipokuja, atasimama Bruno kwa niaba yako. Mahali anapajua." Akaniangalia kama nimempiga kofi. Sijutii. Leo asubuhi ametoka peke yake kwenda kutazama mbao.

Mwambie Bruno yote. Kama ana la kusema, aseme sasa, na amwandikie yeye. Kitanda kaza.

Saveria


Montevarra, 8 Julai 1975

Kaka Fortunato,

Nunziata kanipa barua ya shemeji nikaisoma dukani, nikafunga mlango. Mimi si mwandishi, unanijua. Nitasema ninavyosema nikiwa nanyoa, moja kwa moja bila kuinua mkono.

Ulichoambiwa ni kweli. Nilisema "Mimi, Bruno, ndiyo." Aliyekuambia hakukuongezea. Unajiuliza lilikuwa kosa au neno la kweli. Siku ile, Kaka, kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kuvua viatu vya mjomba. Nilipomtazama shemeji nilimwona ni mzuri, nani asingemwona, na nikaogopa nisikuharibie, na kwa kuogopa kukuharibia ndipo nikaharibu. Hiyo ndiyo habari yote. Ukitaka nyingine itabidi niitunge.

Mwaka mzima watoto walikuwa wakipita mbele ya duka wanaimba "Mimi, Bruno, ndiyo." Wengine sasa ni baba wa watu, nawanyoa, na kuna siku mkono hunisisimka. Mama anasema neno lako liko mdomoni mwangu. Mimi siamini sana hayo mambo ya wazee. Lakini mdomo ni wangu, na najua kinachotokea humo. Agata ameniuliza mara mbili, "Bruno, unanitaka au unataka mkate?" Mara mbili nimefungua mdomo nikakisikia kile kicheko cha kanisani, nikalipia mkate nikaondoka. Mwanamke mzuri, amevumilia. Sasa kachoka, na ana haki.

Sikuombi uje kwa ajili ya Mama. Mama hafi. Sikuombi uje uwaonyeshe watu kitu. Njoo kwa sababu nilikubebea mzigo miaka ishirini, nikaubeba vibaya, lakini sikuutua. Njoo uuchukue, mimi nibebe wangu.

Na kidevu chako, nasikia, ni aibu ya ukoo. Kiti changu kipo.

Mdogo wako,
Bruno


Montevarra, 20 Agosti 1975

Wifi Saveria,

Mmeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa. Kuku wanawatafuta. Nakuandikia posta ya Siena kwa kuwa najua yule hatatoka Italia bila kupita kwenye sakafu yake.

Mama ameacha kufa kabisa, hana nafasi. Kutwa yuko barazani anasimulia, na hadithi inakua kila siku. Ile ya kwanza ni kwamba mwanawe alishuka kwenye treni, akampita mama yake mzazi bila salamu, akaenda moja kwa moja dukani kwa Bruno, akaketi na mkoba wake mapajani, akainua kidevu. Na kwamba Bruno alimnyoa taratibu, shingo nzima, na hakuna aliyesema neno mpaka taulo lilipotoka. Hapo Mama hufuta macho. Mimi nilikuwepo, nakumbuka Bruno alisema, "Umekonda usoni, umenenepa kwingine," lakini Mama hataki kulisikia hilo.

Ya pili unaijua. Padri anamuuliza Fortunato wetu, kanisa limejaa mpaka nje, Bruno kawekwa benchi la nyuma kabisa na Mama kamwamuru azibe mdomo kwa kiganja, na bwana harusi wa miaka ishirini kwa woga wake anajibu kwa Kiingereza. Na Mama kutoka benchi la mbele: "Hilo la Australia lipeleke Australia. Hapa sema la hapa." Wifi, safari ya pili alisema "ndiyo" mpaka njiwa wakatoka darini. Watu walicheka, ila nilimtazama Fortunato naye anacheka, na nikajua limekwisha. Watoto wa mtaani sasa wanaimba la Kiingereza. Hawajui maana yake.

Picha yenu ya mlangoni nimeitundika kwa Mama. Nilitaka kuitoa ile ya zamani, akanizuia. Anasema ya kwanza ni ya wakili, ya pili ni ya mwenyewe, na zote zina gauni nililoshona mimi. Umeona ulivyolivaa tena lile gauni? Nililipanua pembeni, na sitasema kwa kiasi gani.

Agata hajakwenda Torino. Asubuhi ya sikukuu Bruno alikwenda tanurini mikono mitupu, hakununua mkate. Sijui alisema nini, alirudi amejaa unga kifuani. Matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa Jumapili. Inaniuma kwamba hamtakuwepo, najua ndege haingoji na kazi ya Fortunato haingoji. Lakini ninaogopa kidogo, Saveria, nakuambia wewe tu. Kumwambia mwanamke mbele ya tanuri ni jambo moja. Kanisani, mahali palepale, mbele ya watu walewale, Bruno anaweza kuwa bubu tena.

Wifi yako mnene kwa mikate,
Nunziata


Siena, 26 Agosti 1975

Bruno,

Sakafu imefunuliwa. Nilipiga magoti, mlinzi akanikaripia, nikamwonyesha mikono yangu akaniacha. Ni kweli ndiyo bora. Nimeona nyingi mwaka huu na hakuna inayoifikia. Saveria alikaa nami pale asubuhi nzima na hakulalamika, ila jioni miguu yake naikanda mimi.

Wewe unaogopa harusi yako ya Septemba. Nunziata kamwambia Saveria siri, na Saveria kaniambia, sasa sisi hatufichani kitu, ni kero. Basi nikuambie jambo la kazi. Katika sakafu zote nilizowahi kuweka hakuna hata moja isiyo na kiungo kilichonitoka kombo. Nazijua zote zilipo. Watu wanapita juu, watoto wanakimbia, hakuna anayejikwaa. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiviruka.

Nimekwenda kwa kinyozi wa hapa. Amenipaka sabuni akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, akanieleza habari za kwetu zote kwa makosa, nami nikamwacha. Hakunikata. Mkono wako ni mwepesi zaidi.

Padri akikuuliza, usiharakishe.

Kaka yako,
Fortunato


Montevarra, 21 Septemba 1975

Kaka Fortunato na Shemeji Saveria,

Barua hii mtaikuta Melbourne au itawakuta, sijui ipi ina mwendo. Nunziata atawaandikia mambo ya chakula na nani alivaa nini. Mimi nina moja tu.

Viatu nilinunua vyangu. Viko vipana, nilivijaribu wiki nzima dukani.

Nilisimama pale pale. Mama mbele, wazee wa siku ile waliobaki wamekaa kama walivyokaa, nusu yao nimewanyoa asubuhi ile ile na hakuna aliyenitazama machoni. Padri akauliza. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikasikia benchi moja nyuma limelia, mtu anageuka. Nikakumbuka ulichosema, nisiharakishe, kwa hiyo sikuharakisha, mpaka Agata akanikanyaga. Ana mguu mzito, mlimwona tanurini, mnajua.

Nikasema, "Mimi, Bruno, ndiyo."

Sikukusudia kulisema hivyo, ndivyo lilivyotoka, lilelile neno kwa neno. Nilipolisikia nikafumba macho nikangoja kicheko. Padri akageuka kwa Agata akamuuliza yeye. Nikafumbua macho. Kanisa limejaa, wote wananitazama, na hakuna aliyecheka. Neno halikuwa limepungukiwa na kitu katikati.

Mdogo wenu,
Bruno